Anaumwa Kweli, au Anatega?

Ujumbe unaingia kwenye kundi la WhatsApp la kazini kabla jua halijapanda: "Habari za asubuhi wapendwa. Nimeamka vibaya leo, naelekea hospitali. Nitawajulisha." Dakika chache baadaye pole zinamiminika, na mkuu wa idara anaandika "Ugua pole." Kisha mazungumzo yanahamia pembeni, wawili wawili. "Huyu naye tena?" "Juzi si tulikuwa naye kwenye kicheni pati, kacheza mpaka mwisho?" "Subiri, Alhamisi utamwona na ED yake ya siku tatu." ED, yaani cheti cha daktari cha kupumzika kazini.

Hukumu ya namna hiyo hutolewa haraka, na mtuhumiwa hapati nafasi ya kujitetea kwa kuwa hata hajui kwamba ameshtakiwa. Madhara yake, hata hivyo, yanamfuata. Akirudi kazini anakuta salamu zimepoa. Semina ikitokea, jina lake linarukwa. Mkataba ukikaribia kwisha, kuna atakayekumbusha kwamba huyu ni wa hospitali kila mara. Mtu aliyekuwa mgonjwa kweli anaadhibiwa kwa kuugua, na mwenzake aliyetega anaweza kupita bila kuguswa, kwa sababu anayejua kuigiza huigiza vizuri.

Ninachotaka kuonyesha ni kwamba mfanyakazi mwenzako hana nyenzo za kujua kama unaumwa au huumwi, na dalili anazozitegemea zinampotosha kuliko anavyodhani. Pia nataka kuitendea haki hasira yake. Hasira hiyo mara nyingi ina chanzo halali kabisa, ila chanzo chenyewe si mgonjwa.

Dalili ya kwanza tunayoikimbilia ni sauti na uso. "Nimempigia simu, mbona sauti yake iko sawa tu?" Tunaamini kwamba mwongo ana namna yake ya kuongea, na kwamba sisi tuliozoeana naye tutaigundua. Mwaka 2006 wanasaikolojia wa Marekani Charles Bond na Bella DePaulo walijumlisha matokeo ya tafiti nyingi zilizopima uwezo wa binadamu wa kumtambua mwongo kwa kumtazama na kumsikiliza. Waamuzi katika tafiti hizo walizidi 24,000. Kwa wastani walipatia mara 54 katika kila 100, wakati anayerusha sarafu hupatia mara 50. Hata watu ambao kazi yao ni kuwahoji wengine hawakuwa bora kuliko raia wa kawaida.

Tuichukue namba hiyo tuipeleke ofisini, kwa mfano wa kukisia tu. Tuseme katika ruhusa 100 za ugonjwa, 10 ni za uongo na 90 ni za kweli. Jaji wa pembeni mwenye uwezo wa 54 kwa 100 atawakamata watano hivi kati ya wale 10 waongo. Lakini kati ya wale 90 wagonjwa wa kweli, atawatia hatiani 41. Maana yake, kati ya watu 46 aliowanyooshea kidole, karibu tisa katika kila kumi hawana kosa. Unaweza kubadilisha makisio utakavyo. Maadamu wagonjwa wa kweli ni wengi mno kuliko wategaji, jicho lisilo hakika namna hiyo litawaumiza wagonjwa wengi kuliko waongo litakaowanasa.

Ya pili ni siku. "Kila akiumwa ni Jumatatu au Ijumaa." Hoja hii inaonekana nzito kwa sababu ina sura ya ushahidi wa hesabu, basi tuipigie hesabu. Jumatatu na Ijumaa ni siku mbili kati ya tano za kazi. Hata ugonjwa ungekuwa unaokota siku kwa kura, asilimia 40 ya siku za kukosa kazini zingeangukia hapo. Kisha kuna jambo ambalo watu hulisahau: ugonjwa haupumziki wikiendi. Homa iliyompata mtu Jumamosi, na tumbo lililomshika Jumapili usiku, vyote hujulikana ofisini Jumatatu asubuhi. Siku tatu za wiki zinamwaga wagonjwa wao kwenye siku moja ya kazi. Jumatatu inayojaa wagonjwa ndiyo inayotarajiwa. Ili mpangilio wa siku uwe na maana inabidi uwe mkali zaidi ya hapo, udumu kwa miezi, na ulinganishwe na wa wafanyakazi wengine wa kitengo kile kile. Ni kazi ya mwenye rejista ya mahudhurio. Kumbukumbu ya mtu aliyekereka hushika Jumatatu mbili na kusahau Jumatano nne.

Ya tatu, na hii ndiyo inayowaka zaidi siku hizi, ni kuonekana. Mtu ana ED, lakini kuna aliyemwona Kariakoo, au kaweka picha ya harusi kwenye status, na picha hiyo imeshapigwa skrini na kuzungushwa. Hapa tunachanganya vitu viwili. Cheti cha daktari hakisemi kwamba mtu hawezi kusimama, kutembea wala kucheka. Kinasema hafai kwa kazi yake kwa siku kadhaa. Dereva wa basi aliyetiwa dawa ya kupanua mboni ya jicho anaweza kwenda sokoni kwa miguu, ila ole wao abiria akishika usukani. Mwalimu aliyekaukiwa sauti anaweza kumwagilia mchicha wake nyumbani. Mpishi wa hoteli anayeharisha anaweza kujisikia mzima kufikia saa sita mchana, na bado akawa mtu wa mwisho unayetaka akate kachumbari yako. Januari 2024, macho mekundu yalipoenea Dar es Salaam, watu wengi waliokaa nyumbani walikuwa na nguvu zao zote. Walipumzishwa kwa ajili yetu sisi wengine, tusishike kitasa walichokishika.

Na kuna maradhi ambayo kutoka nje ni sehemu ya tiba. Mtu mwenye sonona huambiwa atembee, akae na watu, asijifungie chumbani. Akifanya hivyo anaonekana, na akionekana anahukumiwa. Anayeuguza mgongo naye huambiwa asilale kitandani siku nzima, kwa kuwa kulala kupita kiasi huchelewesha nafuu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ni letu hasa: kumjulia hali mgonjwa. Hii ni desturi njema, na sitaki isomeke kana kwamba naibeza. Lakini kazini ziara hiyo imebebeshwa mzigo wa pili. Wanatumwa watatu au wanne, bahasha ya mchango mkononi, mfuko wa machungwa na ndizi, na wakirudi wanasubiriwa kwa hamu: "Eti, mmemkutaje?" Tuangalie kinachotokea kule nyumbani. Mgonjwa amepigiwa simu kwamba wageni wako njiani. Mama mkwe au dada anamhimiza aoge. Anapakwa mafuta, anafungwa kanga safi, shuka linabadilishwa, sebule inafagiliwa. Anatolewa kitandani na kukalishwa kwenye kochi, kwa sababu kupokea wageni ukiwa umelala, wakati unaweza kujikongoja, ni kuwavunjia heshima. Wageni wanauliza, "Unaendeleaje?" Naye anajibu kama alivyofundishwa tangu utotoni: "Namshukuru Mungu, naendelea vizuri." Hata mwenye jipu tumboni hujibu hivyo. Anacheka kidogo, anauliza habari za ofisini, anasisitiza wageni wasiondoke bila soda. Wanapofunga geti nyuma yao, anarudi kitandani na kulala mpaka magharibi. Kule ofisini habari imeshafika: "Mbona yuko vizuri tu, kapendeza!" Adabu ya mgonjwa ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi yake.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, walisema wahenga, na hakuna pahali maneno hayo yanapofaa kama kwenye maradhi yasiyo na alama nje. Chukua selimundu. Tanzania ni miongoni mwa nchi zinazopata watoto wengi zaidi duniani wenye ugonjwa huu. Makadirio ya miaka ya karibuni yanataja watoto wapatao 11,000 kila mwaka. Kwa matunzo, wengi wanakua, wanasoma, wanaajiriwa, wanakaa dawati la jirani yako. Chembe zao nyekundu za damu hujikunja na kuziba mishipa midogo, na maumivu yanayofuata, kwenye mifupa, kifua au mgongo, huweza kumlaza mtu mzima akilia. Baridi kali, kiu ya muda mrefu, uchovu au homa ndogo tu huweza kuyaamsha. Yakishapita hakuna kovu, hakuna plasta, hakuna bandeji. Mwenzenu aliyelia usiku wa Jumanne anaweza kuingia ofisini Ijumaa akiwa amevaa shati lililopigwa pasi, na mkadhani hakuna kilichokuwa. Zaidi ya hapo, hakuna mashine inayopima maumivu. Daktari mwenyewe humuuliza mgonjwa, "Yakoje, kwa kumi?" na kuandika alichoambiwa.

Mgongo nao una funzo lake. Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi wa picha za uti wa mgongo za watu zaidi ya 3,000 ambao hawakuwa na maumivu yoyote. Asilimia 37 ya waliokuwa na umri wa miaka 20 walionekana kuwa na gegedu za kati ya pingili zilizoanza kuchakaa, na kwa wenye miaka 80 ilikuwa asilimia 96. Picha mbaya, mtu mzima. Na kinyume chake hutokea kila siku kliniki: picha safi, mtu hawezi kuinama kufunga kamba za viatu. Mwaka 1980 daktari bingwa wa upasuaji wa Uskoti, Gordon Waddell, na wenzake walieleza ishara kadhaa za mwilini ambazo zingemsaidia daktari kuona kwamba maumivu ya mgongo yana sehemu isiyoelezeka kwa uti peke yake. Wanasheria na makampuni ya bima waligeuza ishara hizo kipimo cha waongo. Waddell alilazimika kuandika tena, miaka mingi baadaye, kuonya kwamba hazikutengenezwa kumnasa mtegaji na haziwezi kufanya hivyo. Kama bingwa aliyeshika mgongo wa mgonjwa kwa mikono yake anasita, anayemwangalia kupitia status ana msingi gani?

Hapa kuna tofauti ambayo nadhani ingetuokoa na dhuluma nyingi kama tungeishika. Kusema uongo kuhusu jina la ugonjwa si sawa na kusema uongo kwamba unaumwa. Katika ofisi zetu, "malaria", "taifodi" na "tumbo" ni majina ya stara. Mwanamke aliyeharibikiwa na mimba ya wiki kumi, ambayo hakuwa amemwambia mtu, atasema ana malaria. Kijana aliyeshindwa kuamka kwa wiki nzima kwa sababu ya sonona atasema ni taifodi, kwa kuwa akitaja akili atabandikwa jina asilolibandua tena. Mwenye tarehe yake ya kuchukua dawa CTC, kliniki ya VVU, atasema anampeleka mtoto kliniki. Mzee mwenye tezi dume atasema mgongo. Mwenzake anapogundua kwamba maelezo hayalingani, kwamba mwenye malaria hakunywa dawa ya malaria, anahitimisha: kumbe alikuwa anatudanganya. Ndiyo, alidanganya kuhusu jina. Ugonjwa ulikuwepo, na pengine ulikuwa mzito kuliko ule alioutaja.

Isitoshe, jina linaweza kuwa kosa bila mtu yeyote kudanganya. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti uliofanywa katika hospitali za kaskazini mashariki mwa Tanzania, kwa wagonjwa zaidi ya 4,000 waliolazwa na kutibiwa malaria kali. Slaidi zao za damu ziliposomwa upya kwa umakini, chini ya nusu, asilimia 46, ndio waliokutwa na vimelea. Wale wengine hawakuwa na malaria. Je, walikuwa wazima? Vifo vilikuwa vingi zaidi miongoni mwao kuliko miongoni mwa wenye malaria, pengine kwa sababu walikuwa na maradhi mengine ambayo mara nyingi hayakutibiwa. Tangu wakati huo vipimo vya haraka vimeenea na mambo yamebadilika sana, lakini somo linabaki: cheti chenye jina lisilo sahihi la ugonjwa kinaweza kuwa mkononi mwa mtu aliye hoi.

Pamoja na hayo yote, wategaji wapo. Ingekuwa ni kumdharau msomaji kusema hawapo. Kuna ED za kununua, zenye muhuri wa kituo ambacho mwenye nayo hakukanyaga. Kuna mwenye shughuli yake binafsi inayohitaji siku mbili za kushinda bandarini kutoa mzigo, akazipata kwa jina la kichwa kuuma. Kuna tarehe zinazofutwa na kuandikwa upya, siku mbili zikawa saba. Wanaofanya hivyo wanaiba mshahara, na wanaiba pia imani ambayo wagonjwa wa kweli wataihitaji kesho. Suala ni nani mwenye mamlaka ya kuwakamata, na kwa njia gani.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi siku zisizopungua 126 za likizo ya ugonjwa katika mzunguko wa miezi 36: siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata kwa nusu mshahara. Mwajiri halazimiki kulipa iwapo mfanyakazi ameshindwa kuleta cheti cha tabibu aliyesajiliwa, au tabibu mwingine anayekubaliwa na mwajiri, na kukubali huko hakuruhusiwi kunyimwa bila sababu ya msingi. Kenya, chini ya Sheria ya Ajira ya 2007, aliyemaliza miezi miwili kazini ana haki ya siku zisizopungua saba kwa mshahara kamili na saba kwa nusu katika kila miezi 12, nazo pia kwa cheti. Nchi mbili, viwango vinavyotofautiana mno, lakini wazo ni moja: ushahidi wa ugonjwa ni karatasi iliyotiwa saini na mtu mwenye taaluma. Maoni ya walio ofisini hayamo.

Karatasi hiyo inaweza kuhakikiwa, na hapo ndipo ofisa rasilimali watu anapaswa kuweka nguvu zake. Anaweza kuuliza kituo: je, cheti hiki kilitoka kwenu, tarehe hii, kwa siku hizi, na aliyesaini yupo na amesajiliwa? Maswali hayo yana majibu ya ndiyo au hapana, na yanamnasa mwenye muhuri wa bandia bila kumgusa mgonjwa. Asichoweza kuuliza, bila ridhaa ya mgonjwa, ni "Anaumwa nini?" Daktari amefungwa na siri ya mgonjwa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka habari za afya katika kundi la taarifa nyeti, na sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda majibu ya vipimo vya VVU. Mkuu wa kitengo anayesoma ED kwa sauti kwenye kikao cha asubuhi, au anayeipiga picha na kuituma kwenye kundi, anajiweka pabaya kisheria. Nasikitika kwamba jambo hili bado linafanyika kana kwamba ni la kawaida.

Asiyeleta cheti kabisa ana njia yake: kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 zinahesabu kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu inayokubalika kwa zaidi ya siku tano za kazi kuwa kosa linaloweza kumwachisha mtu kazi. Na anayeugua mara kwa mara, vyeti vyake vikiwa halali, ana njia nyingine. Mwajiri anatakiwa achunguze ukubwa wa tatizo na kama ni la muda au la kudumu, kisha aangalie kama kazi inaweza kurekebishwa au kama ipo nyingine inayomfaa, huku akimsikiliza mwenyewe. Wakifikishana Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba kuachisha kulikuwa halali. "Sote tulijua anatega" si ushahidi utakaomfikisha mbali.

Wenzetu wa Ulaya wamekwishakwenda hatua ambayo baadhi yetu tunaitamani, ya kumfuatilia mgonjwa. Ujerumani kuna mwajiri aliyemkodia mpelelezi katibu muhtasi wake, aliyekuwa ameleta vyeti kadhaa mfululizo, kwanza vya mkamba, kisha vya pingili ya mgongo. Mpelelezi alimrekodi mbele ya nyumba yake akiwa na mume na mbwa, na akiwa kwenye kituo cha kujifulia nguo kwa mashine. Februari 2015 Mahakama ya Kazi ya Shirikisho iliamua kwamba ufuatiliaji huo ulikuwa haramu, kwa sababu mwajiri hakuwa na ushahidi mahususi uliotia shaka vyeti vile, na ikathibitisha fidia ya euro 1,000 kwa mwanamke huyo. Anayepiga skrini status ya mwenzake na kuipeleka kwa bosi anafanya kazi ile ile ya yule mpelelezi, tena kwa hiari.

Kwa nini basi mtu mwema, anayechangia harusi na misiba ya wenzake, anageuka mpelelezi? Tuingie wodini. Rosta ya usiku ina wauguzi wawili kwa wodi ya wazazi. Saa kumi na mbili jioni mmoja anatuma ujumbe kwamba kapewa ED ya siku tatu. Hakuna wa kuziba pengo. Aliyebaki anafungua dripu ya huyu, anaitwa na yule ambaye njia imeshafunguka, anaandika mafaili akiwa amesimama, na saa nane za usiku anagundua kwamba hajanywa hata maji. Asubuhi anaombwa aunganishe zamu. Siku ya nne mwenzake anarudi, uso umetulia. Mchovu yule hahitaji ushahidi wowote. Mwili wake umeshatoa hukumu.

Hasira hiyo ni ya haki. Dhuluma aliyotendewa ni ya kweli na ina mtendaji, lakini mtendaji huyo ni aliyepanga rosta kana kwamba wauguzi hawaugui. Sheria yenyewe inajua kwamba watu wataugua. Ndiyo maana ikataja siku 126. Mwajiri anayepanga watu wake kwa hesabu isiyo na mgonjwa hata mmoja amehamisha gharama za ugonjwa kutoka kwake kwenda kwenye mgongo wa aliye mzima, na kisha anakaa pembeni wawili hao wakinuniana. Shuleni ni vilevile: mwalimu mmoja akiugua, darasa lake linaunganishwa na la jirani, watoto wanabanana, na walimu wanaanza kuhesabiana siku. Nimeona kwamba pale penye mpango wa kueleweka wa nani anashika nafasi ya nani, na malipo ya saa za ziada yanayotoka kwa wakati, swali la "anaumwa kweli?" halisikiki sana.

Kuna ushahidi mwingine unaopaswa kutufikirisha kuhusu wanaougua na wanaojikaza. Tangu mwaka 1985 watafiti wa London wamekuwa wakifuatilia afya ya watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 katika mradi uitwao Whitehall II. Taarifa yao ya mwaka 2008 ilionyesha kwamba watumishi waliowahi kuchukua likizo ya ugonjwa yenye cheti, ya zaidi ya wiki moja, ndani ya miaka mitatu, walikuwa na hatari ya kufa kubwa mara 1.7 kuliko wasiochukua. Kwa ujumla wake, basi, cheti kilikuwa kinasema kweli. Na taarifa ya awali, ya mwaka 2005, iliwatazama wale ambao afya zao zilikuwa mbovu: waliokuwa hawakosi kazini hata siku moja kwa miaka mitatu walipatwa na matukio makubwa ya moyo mara mbili ya wagonjwa wenzao waliopumzika kiasi. Yule tunayemsifu kikaoni, "fulani hata akiumwa anakuja", pengine ndiye wa kumwonea huruma.

Kumbebesha mfanyakazi gharama ya ugonjwa wake kuna mizizi mirefu kwetu. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kibarua alipewa kipande, yaani kadi ya siku 30 za kazi; siku aliyotetemeka kwa homa haikutiwa alama, na ujira ulisubiri mpaka kadi ijae. Mfumo ule haukuhitaji kuuliza kama mtu anaumwa, kwa kuwa gharama yote ilikuwa yake. Vibarua wa ujenzi na wapagazi wa sokoni bado wanaishi hivyo.

Na nyumbani kwetu kuna dada wa kazi. Akisema asubuhi kwamba kichwa kinamuuma, aliyeajiri, anayepima ukweli, na atakayelazimika kupika uji na kumvalisha mtoto sare badala yake ni mtu mmoja, tena mwenye dakika arobaini kabla gari la ofisi halijapita. Katika haraka hiyo ndipo dada anapoambiwa amezidi uvivu. Lakini naye, akishatimiza miezi sita kazini, yumo ndani ya sheria ile ile ya 2004: cheti cha zahanati ya mtaa, siku 63 za kwanza kwa mshahara kamili. Mwenye nyumba anayezikata siku hizo mwisho wa mwezi anavunja kifungu kile kile anachokitegemea yeye anapotuma ujumbe wake kwenye kundi la kazini.